Nusu siku ya nani? Mtoto mwenye Down na saa za mama Pemba

Mama anayelima mwani Tumbe, Kiuyu au Makangale hakuajiriwa na mtu, lakini ratiba yake ni kali kuliko ya ofisini. Maji ya bamvua yakitoka ndiyo saa ya kushuka pwani: kufunga mbegu, kukaza kamba, kuvuna uliokomaa. Maji mafu yakija, anabaki juu na kazi za nyumbani. Sasa mpe mama huyo mtoto mwenye hali ya Down, wa miezi saba, anayenyonya polepole na ambaye shingo bado haijakaza. Kliniki yake imeandikwa kwenye kadi kwa tarehe ya kalenda. Mwani unakwenda na mwezi. Mambo hayo mawili yakigongana, kimoja kitaachwa, na mara nyingi kinachoachwa ni kliniki, kwa sababu mwani ndio unaolipa nauli ya kliniki ijayo.

Kila tarehe 21 Machi dunia huadhimisha Siku ya Down, siku inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa tangu 2012. Kaulimbiu ya mwaka 2025 ilizitaka nchi ziboreshe mifumo ya kuwasaidia watu wenye Down na familia zao. Ni wito mzuri. Sisi tunataka kuuliza swali dogo zaidi: hapa Pemba, mfumo huo ni nani hasa?

Ukikaa ukahesabu, utaona ni mikono ya muda mfupi mfupi. Yupo mama anayeigawa siku yake. Yupo bibi. Yupo dada mkubwa anayesoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi ndiye anayebaki na mtoto. Yupo mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba katika shehia, na mwalimu mwenye darasa lililojaa. Karibu wote hawa hutoa nusu siku au chini ya hapo, na wengi hawapati malipo yoyote. Makala hii inahusu nusu siku hizo: zinafaa nini, haziwezi nini, na kwa nini tunadhani wakati umefika wa kuzilipia.

Hali yenyewe, kwa ufupi

Jina Down ni la daktari wa Uingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866. Sababu yake ilijulikana baadaye sana, mwaka 1959, huko Ufaransa. Kwa kawaida kila chembe ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu za mama, nusu za baba. Mtoto mwenye Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Ndiyo maana siku ikawekwa tarehe 21 ya mwezi wa tatu.

Hilo hutokea mimba inapotungwa, kabla hata mama hajajua kama ni mjamzito. Halikuletwa na chakula ulichokula, wala kijicho, wala shetani, wala safari ya boti. Halikuletwa na ugomvi wa nyumbani wala na dhambi ya mtu. Tunalirudia kwa sababu tunajua maneno yanayosemwa nyuma ya mlango siku ya arubaini.

Umri wa mama una nafasi yake. Kwa mama wa miaka 25 uwezekano ni kama mmoja katika 1,200. Akiwa na 35 ni kama mmoja katika 350. Akiwa na 40 ni kama mmoja katika 100. Lakini watoto wengi wenye Down huzaliwa na mama vijana, kwa sababu wao ndio wanaozaa zaidi. Kwa hiyo mkwe akisema, "Huyu bado msichana, vipi azae mtoto huyu?" jibu ni kwamba hivyo ndivyo ilivyo duniani kote. Katika familia chache hali hii hutokana na mpangilio wa kromosomu ambao mzazi mmoja anao bila kujua, na mzazi huyo anaweza kuwa baba vilevile.

Umoja wa Mataifa unakadiria mtoto mmoja mwenye Down katika kila watoto 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 543,441 Pemba. Kisiwa cha watu wengi hivyo, ambako watoto huzaliwa kwa maelfu kila mwaka, hakikosi watoto wapya kadhaa wenye Down kila mwaka. Kama huwaoni sokoni Wete wala madukani Chake Chake, usidhani hawapo. Wengine wamewekwa ndani. Wengine, tuseme bila kuficha, hawakufika umri wa kutembea, kwa sababu walikuwa na moyo wenye tatizo na haukupimwa.

Hapo pana jambo la kuliangalia vizuri. Nchini Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye Down aliishi wastani wa miaka kama 25. Leo ni kama 60. Hakuna dawa ya Down iliyogunduliwa katikati. Kilichobadilika ni upasuaji wa moyo wa watoto, matibabu ya kawaida ya maradhi ya kawaida, na watoto hao kulelewa nyumbani na kupelekwa skuli badala ya kufungiwa katika majumba. Mtu yeyote anayekuuzia chupa ya "dawa ya kufungua akili" ya mtoto mwenye Down anakuuzia maji ya bei ghali, hata kama anaapa.

Nusu saa zinazofanya kazi

Watoto wengi wenye Down wana misuli iliyolegea. Ukimbeba unahisi kama anakuponyoka. Ulegevu huo ndio unaofanya anyonye taratibu, ulimi utokeze, achelewe kukaa na kutembea. Kwa wastani hukaa peke yao karibu na miezi 11, lakini wengine mapema na wengine hata baada ya miaka miwili. Kutembea kwa wengi huja karibu na miaka miwili, na wapo wanaofika minne. Maneno ya kwanza huja kati ya mwaka mmoja na mitatu, wengine zaidi. Wanapita njia ileile ya watoto wengine, kwa mwendo wao.

Mama wengi wakisikia neno mazoezi hufikiria chumba cha hospitali chenye vitanda na mipira mikubwa, halafu hukata tamaa kwa sababu chumba hicho kiko mbali. Ukweli ni tofauti. Kwa mtoto mdogo, kinachosaidia zaidi ni vipindi vifupi vya mara nyingi, ndani ya shughuli za kila siku. Dakika kumi za kulala kifudifudi juu ya mkeka mbele ya mama anayechambua mchele humkaza shingo. Kumkalisha kati ya mapaja yako unapokuna nazi humfundisha mgongo kusimama. Kumwekea kijiko upande wa kulia, kisha wa kushoto, humfanya ageuke. Kumtajia kila kitu jina, polepole, uso kwa uso, ukimwonyesha na kwa mkono, humpa lugha. Usiogope kutumia ishara za mikono pamoja na maneno: haziwachelewesha kusema. Zinampa njia ya kuomba maji kabla ulimi wake haujamtii.

Kwenye kunyonya, maziwa ya mama yanawezekana na yanafaa, ila yanataka subira. Mshike kidevu na shavu kwa vidole wakati kiganja kinashikilia ziwa, ili mdomo usiachie. Mwamshe, maana hawa hulala njaa ikiwauma bila kulia. Kama hawezi kuvuta, kamua na mlishe kwa kikombe kidogo kilicho safi huku ukimfundisha kunyonya. Uzito usipopanda, rudi kituoni siku hiyohiyo uliyoligundua. Usingoje tarehe ya kadi.

Kwa maana hiyo, nusu siku si upungufu. Mtu anayekuja nyumbani mara mbili kwa wiki kwa saa mbili, akajua anachofanya, anaweza kubadilisha mambo mengi, kwa sharti moja: amfundishe mama na bibi. Akimchukua mtoto chumbani, akafanya mazoezi peke yake, akaondoka, ametoa saa nne katika wiki ya saa 168. Akikaa na ninyi jikoni akawaonyesha jinsi ya kumbeba, kumlisha na kumuogesha, ametoa wiki nzima.

Saa ambazo haziwezi kuchukua nafasi ya hospitali

Tunaandika sehemu hii kwa herufi nzito kichwani mwetu. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na tatizo la moyo. Baadhi ya matundu hujiziba yenyewe. Mengine huwa makubwa, na yasipofanyiwa upasuaji mapema mapafu huharibika, na baadaye upasuaji hauwezekani tena. Daktari anaweza asisikie kitu kwa kifaa cha masikioni katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo kila mtoto mwenye Down, hata anayeonekana mzima kabisa, anatakiwa apigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita eko, tena katika miezi ya mwanzo.

Kutoka Pemba maana yake huwa rufaa: kituo cha afya, kisha hospitali kama Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani, kisha Mnazi Mmoja Unguja, na kwa upasuaji pengine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2015. Boti, nauli, mahali pa kulala, mtu wa kubaki na watoto wengine. Hapa ndipo mama wengi huambiwa na jamaa: "Subiri akue kidogo." Kwa moyo, kusubiri akue ndiyo hatari yenyewe. Jamaa hao wana nia njema, lakini wanatumia busara ya mafua kwenye jambo la moyo.

Mpeleke hospitali haraka mtoto anayetoka jasho kichwani anaponyonya, anayeacha ziwa kila mara kutafuta pumzi, anayehema haraka akiwa amelala, au ambaye midomo na ulimi vinageuka rangi ya bluu. Vivyo hivyo mtoto mchanga anayetapika rangi ya kijani au asiyepata choo huku tumbo limejaa, maana utumbo nao unaweza kuwa na kizuizi cha kuzaliwa.

Tezi ya shingo, thairoidi, ni jambo la pili linalopita bila kuonekana. Ikilegea, mtoto hupoa, hupata choo kigumu, hulala sana, hachangamki. Watu husema, "Ndivyo walivyo watoto hawa." Sivyo. Ni kipimo cha damu, na dawa yake ni kidonge. Hupimwa anapozaliwa, akiwa na miezi sita, mwaka mmoja, halafu kila mwaka. Masikio pia: wengi wao hupata usikivu hafifu kwa sababu ya maji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri, kisha ataitwa mjinga. Macho yapimwe vilevile kabla ya kuanza skuli. Na chanjo zote za kawaida apewe kwa wakati. Kifua cha watoto hawa hushikwa upesi.

Tahadhari moja kwa anayefanya mazoezi: usimvute kwa kichwa, usimpindue, na usimruhusu achezeshwe kichwa chini miguu juu. Mifupa ya juu ya shingo kwa baadhi yao haijashikana vizuri. Mtoto aliyekuwa anatembea akaanza kuyumba, akalalamika shingo, au akaanza kujikojolea upya, apelekwe hospitali siku hiyo.

Nani yuko karibu

Zanzibar ina jambo ambalo sehemu nyingi hazina. Mpango wa Jamii ni Afya umewaweka wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea katika wilaya zote, Unguja na Pemba, kila mmoja na simu yenye programu inayomwongoza anapotembelea wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Ni zaidi ya watu 2,000, na kazi hii wanaifanya pamoja na shughuli zao nyingine: wengine nao wana mwani, wengine mashamba. Mhudumu huyo anaingia nyumbani mwako. Anaweza kumwona mtoto ambaye hajawahi kutolewa nje. Kwa maoni yetu yeye ndiye mlango wa kwanza. Akija, usimwambie mtoto amelala. Mwonyeshe, mwambie unachokiona, na mwombe akuandikie rufaa.

Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, inayojulikana kwa kifupi ZAPDD, ina kazi Pemba pia, na wanachama wake wengi ni wazazi. Faida yake kubwa, ukituuliza, ni kukutana na mama mwenye kijana wa miaka ishirini mwenye Down anayeteka maji, anayefagia uwanja, anayesalimia mtaa mzima kwa majina. Hakuna kipeperushi kinachofanya kazi hiyo.

Skuli ni hadithi ndefu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza elimu mjumuisho, yaani mtoto mwenye ulemavu asome katika skuli ya karibu na kwao pamoja na wenzake. Sheria ya Mtoto ya 2011 inakataza kumbagua. Sheria ya watu wenye ulemavu ilikuwapo tangu 2006, na mpya ikapitishwa 2022. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kwenye karatasi mtoto wako ana kila kitu. Darasani anahitaji mtu wa ziada: wa kumrudishia maelezo polepole, kumpeleka chooni, kumzuia asitoke akafuata paka barabarani. Mtu huyo ndiye anayekosekana, na pengo lake huzibwa na mama anayekaa nje ya darasa chini ya mwembe hadi saa sita.

Tusisahau chuo. Mtoto anayekwenda chuoni jioni na wenziwe, akaitikia anachoweza, anajifunza kukaa, kungoja zamu na kusikiliza. Na mama anapata saa mbili. Ustadhi anayempokea mtoto huyu anatoa msaada wa nusu siku ambao hauandikwi popote.

Dada mkubwa

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili halizungumzwi. Skuli zetu nyingi zina zamu mbili. Mama akishuka pwani asubuhi, msichana wa zamu ya mchana hubaki na mdogo wake. Anamlisha, anambeba, anampigisha mazoezi. Anafanya vizuri, watu wanamsifu. Bamvua likidumu, au msimu wa karafuu ukifika na mikono yote ikahitajika kuchambua, anachelewa skuli siku mbili, halafu tatu. Ripoti ikija ana nafasi ya mwisho, na anaambiwa hana akili.

Mtoto kumsaidia nduguye ni malezi mema. Mtoto kuwa ndiye mfumo ni jambo lingine. Jiwekee kipimo rahisi: kama yeye hayupo wiki nzima, je, nyumba inasimama? Ikiwa haisimami, tayari ameajiriwa, tena bila mshahara.

Kuilipa nusu siku

Kenya ilianza mwaka 2011 kutoa fedha kwa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa wakati wote: shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Si nyingi, na malipo yake yamewahi kulalamikiwa kwa kuchelewa, lakini serikali ilikubali jambo la msingi, kwamba kuna mtu nyumbani ameacha kazi nyingine ili afanye hii. Uingereza hulipa posho kwa anayemhudumia mtu mwenye ulemavu angalau saa 35 kwa wiki. Zanzibar yenyewe imeshaonyesha kuwa inaweza: tangu Aprili 2016 hulipa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kwa kweli fedha hiyo ya bibi mara nyingi ndiyo inayonunua sabuni na dawa za mjukuu mwenye Down. Ni ya uzeeni mwake, si ya malezi, na si haki kuihesabu mara mbili.

Maoni yetu ni haya. Posho ya mlezi ingefaa, lakini hata kabla yake ipo hatua ndogo na ya bei nafuu: kumlipa msaidizi wa nusu siku katika shehia, mtu aliyefundishwa, anayezungukia familia chache zenye watoto wenye Down na ulemavu mwingine wa akili. Watu wapo. Wapo wasichana waliomaliza kidato cha nne na wako nyumbani. Wapo walimu wastaafu. Wapo mama waliokwisha kulea mtoto kama huyu na wanajua kuliko kitabu. Kujitolea kuna heshima yake, lakini anayejitolea huondoka siku anapopata kibarua, na mtoto mwenye Down ndiye asiyependa mabadiliko ya ghafla kuliko wote.

Kwa familia, usajili wa TASAF hupitia shehia. Mtaje mtoto kwa sheha kwa jina na ulemavu wake, mwulize orodha ipi itamhusu, na usione haya. Mtoto asiyeandikwa hahesabiwi bajeti inapopangwa.

Wakati huo wote, wapo wanaoweza kuanza bila kungoja. Fikiria upatu, ila badala ya fedha mnazungusha saa. Mama wa mwani anataka asubuhi za bamvua. Jirani anayeshona kwa cherahani au kusuka mikeka hana shida na bamvua. Yeye anataka siku mbili za maji mafu apeleke kazi mjini. Mama wa tatu anauza mikate asubuhi na yuko huru mchana. Watatu hao, hata kama ni mmoja tu mwenye mtoto mwenye Down, wakikaa na kuandika zamu, kila mmoja anapata nusu siku ambayo hakuwa nayo. Mtihani wake ni usawa: mwenye mtoto mwenye Down asiwe ndiye anayelea wa wenzake wote kwa kuona aibu ya kuomba.

Ukimpokea msaidizi, au wewe mwenyewe ukitaka kuwa msaidizi

Mfundisheni kwanza, mlipeni kama mlivyopatana, na mwandikeni saa zake. Anayekuja aonyeshwe namna ya kubeba, namna ya kulisha akiwa amekaa wima ili asipaliwe, dalili za moyo tulizozitaja, na simu ya kupiga. Aanze mama akiwapo, siku kadhaa.

Kisha kuna jambo zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na kukusanya takwimu za nchi kadhaa ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili karibu mara nne zaidi ya wenzao. Mtoto ambaye hasemi vizuri hawezi kushtaki. Kwa hiyo msaidizi, awe jamaa au mgeni, akae na mtoto mahali pa wazi, ukumbini au barazani, mlango usifungwe. Kuogeshwa na kubadilishwa nguo kufanywe na watu maalumu mnaowajua. Mfundishe mtoto majina ya viungo vyake na neno "sitaki". Msaidizi mwema hataudhika na masharti haya. Yanamlinda yeye pia na maneno ya watu. Mtoto akibadilika ghafla, akakataa kuguswa au akamwogopa mtu fulani, msikilize kwa macho. Ukishuku, kila mkoa una dawati la jinsia na watoto polisi, na hospitali lazima aonwe kabla hajaogeshwa.

Msaidizi naye ana haki. Asigeuzwe mtumishi wa ndani wa kufua na kupika kwa sababu "yupo tu." Saa mbili za mtoto ni saa mbili za mtoto.

Baba wa mtoto pia ana mikono. Tumekutana na fikra kwamba kumlisha mtoto mwenye Down ni kazi ya wanawake, ilhali kumpeleka hospitali Unguja ni ya baba kwa kuwa ndiye anayejua boti. Matokeo yake daktari anamuuliza baba mtoto ananyonya vipi, naye hajui, na mama anayejua yuko Pemba. Anayesafiri na mtoto awe anayemjua, au wote wawili, au aende na karatasi iliyoandikwa: uzito wa kila mwezi, anachokula, mara ngapi aliugua kifua, dawa anazotumia, na maswali matatu ya kumuuliza daktari.

Na kuhusu lile la mwanzo, bamvua na tarehe ya kadi. Siku ukipangiwa kliniki ijayo, usiitikie tu. Hesabu siku za mwezi pale pale, mbele ya nesi, na kama tarehe inaangukia maji ya kazi, mwombe akusogezee iangukie maji mafu. Kama ni rufaa ya moyo, usiisogeze. Mwani uchukuliwe na jirani wa zamu. Kwa kliniki ya kawaida ya uzito na mazoezi, siku tatu mbele au nyuma hazidhuru, na nesi wa Pemba anajua bamvua ni nini. Pengine mama yake yuko pwani wakati huohuo anapokuandikia.